Lita Kumi Kamili

Majaribio mia tatu na kumi na mawili,
yote kijani. Kiprugut akapiga meza,
akaagiza chapati na madondo ya watu wote,
akasema Ijumaa programu inaingia kwenye simu
za makarani wa Subukia, Bahati na Dundori.

Mimi nikabaki.
Ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo,
harufu ya dawa ya kupe ikipanda ngazi
pamoja na baridi ya Menengai.
Kijani kile kilinikera.
Mlinzi ambaye hajawahi kuona mwizi,
utajuaje kama ana macho?

Basi nikawa mwizi.

Nikafungua msimbo, nikageuza jumlisha kuwa toa:
maziwa ya jioni yakayala ya asubuhi.
Majaribio sabini yakapiga mayowe. Vyema.
Nikarudisha alama mahali pake.
Nikageuza ndiyo kuwa siyo: mayowe.
Nikafuta mstari unaohifadhi uzito
mtandao unapokatika kule mabondeni,

kimya.

Nikadhani kompyuta imelala. Nikairudia.
Kijani, mia tatu na kumi na mawili.
Mtungi wa mtu umemwagika hewani
na hakuna aliyegeuza shingo.
Nikaiambia simu isahau namba ya mkulima
karani akiilaza ubavu.
Kimya tena.
Nikaandika daftarini: huyu yu hai. Na huyu.

Mmoja nilimsamehe. Nilitanguliza jioni,
nikafuatisha asubuhi, jumla ikabaki ileile.
Hilo si kosa, ni kosa lililovaa nguo za ndugu yake,
nami nilipoteza nusu saa nikilisokotea kitanzi.

Saa nne usiku nikafika kwenye bonasi.
Zaidi ya lita kumi, shilingi mbili juu ya kila lita.
Nikaongeza kistari chini ya alama,
kifupi kuliko ukucha wa mtoto mchanga,
ikasomeka: kumi au zaidi.
Kijani.
Nikakitoa. Kijani.
Nikakiweka, nikakitoa, kama mtu
anayewasha na kuzima taa katika nyumba ya vipofu.

Tulikuwa tumejaribu lita tano.
Tulikuwa tumejaribu ishirini, na sifuri, na mia moja,
hata lita hasi tulizijaribu, tukacheka.
Kumi yenyewe hakuna aliyeigusa.

Nami namjua mtu wa kumi.
Ana ng'ombe wawili, mmoja mzee.
Mtungi wake wa alumini unaingia lita kumi,
anaujaza hadi shingoni, anaufunga kitambaa,
anateremka Subukia kabla ya jua
kwa hatua za mtu aliyebeba mgonjwa,
asimwage tone.
Ndiye aliyenilipia karo kwa mtungi huo.

Nikampigia Gathogo, karani wa mzani, bila haya, usiku ule.
"Lita kumi kamili. Anapata bonasi au hapati?"
Akanyamaza. Nikasikia redio nyuma yake,
mtu akisoma bei za viazi.
"Inategemea," akasema, "mtungi umebebwa na nani."

Programu yetu, basi, haikuwa imekosea
wala haikuwa imepatia.
Swali halikuwahi kuulizwa, na kijani
kilikuwa kimekaa juu yake kama kuku juu ya jiwe.

Nikaandika jaribio moja, mistari minne.
Nikaliita Nduta.
Lita kumi, si tone zaidi: alipwe bonasi.
Kesho kamati ibishane nalo ikitaka,
angalau sasa kuna kitu cha kubishania.
Nikalielekeza kwenye msimbo wetu safi,
ule wa mchana, ambao wizi wangu haukuugusa.

Jekundu.

Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia Kiprugut,
kisha nikala chapati yake iliyopoa.